Egoli, Joburg, Jozi au Joni: jina lipi la Johannesburg likufae?

Johannesburg ni neno refu. Kwenye kichwa cha habari linakula nafasi ya maneno mawili, na kwenye ujumbe wa simu hakuna mwenye subira ya kuliandika lote. Ndiyo maana karibu kila anayeandika kwa Kiswahili kuhusu jiji hilo, awe mwandishi wa michezo, mtafsiri au mfanyabiashara anayetangaza kwamba mzigo umeshaingia, hufika mahali akatamani jina fupi. Majina hayo yapo, tena mengi kupita kiasi, na kila moja lina wenyewe. Ukichukua lolote tu, msomaji wa Dar au Mombasa atakuelewa nusu, na mwenyeji wa kule atajua papo hapo kwamba hujui unachosema.

Wengi wetu hulikwepa tatizo hilo kwa kusema Sauzi au Bondeni. "Kaka yake yuko Sauzi." Kwa mazungumzo inatosha, ila hiyo ni nchi nzima. Cape Town iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Johannesburg, na haina dhahabu. Anayetaka jiji lenyewe lazima achague.

Na wenyewe je? Nao hawajakubaliana. Mwaka 1999 halmashauri ya jiji ilizindua mpango wa kujipanga upya ikauita iGoli 2002. Miaka michache baadaye ukaja mkakati ulioitwa Joburg 2030. Mwaka 2014 ukazinduliwa mpango wa ajira kwa jina la Jozi@Work. Ofisi ni ile ile, majina matatu, katika miaka 15. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba lipo jina moja sahihi ambalo wewe peke yako hulijui.

Kwanza vigezo, maana bila hivyo tutabaki kushindana kwa ladha.

Cha kwanza ni dhahabu. Johannesburg halina bandari wala mto wa maana. Lipo pale kwa sababu mwaka 1886, kwenye shamba la Langlaagte, ulionekana mwamba wa dhahabu wa Witwatersrand, ugunduzi ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa George Harrison, mtafutaji madini kutoka Australia. Miaka 10 baadaye palikuwa na watu wapatao laki moja mahali palipokuwa malisho. Kuna majina yanayokumbusha historia hiyo na kuna yasiyoigusa kabisa. Cha pili ni mdomo: nani hulitamka, na likitoka kwako mgeni linasikikaje. Cha tatu ni jinsi linavyokaa ndani ya sentensi ya Kiswahili. Cha nne, ambacho watu hukisahau hadi wanapoharibikiwa, ni mkanganyiko: je, linaweza kudhaniwa kitu kingine?

Egoli

*Dhahabu.* Hapa iko wazi kabisa. Ni Kizulu, maana yake ni penye dhahabu, na ni jina lililokuzwa na watu waliokuja kushika sururu. Ukipita kusini mwa jiji, upande wa Nasrec na Crown Mines, bado utaona vilima vya mchanga wa rangi ya manjano, juu bapa kama meza, vimechongwa na mvua ubavuni. Ni mwamba uliopandishwa kutoka chini, ukasagwa, ukatolewa dhahabu, ukamwagwa hapo. Mtu wa Geita au Chunya atauita mchanga huo marudio bila kuuliza, na kama marudio ya kwetu, huoshwa upya kwa sayanaidi ili kukamua kilichobaki. Kilima kimoja kilikuwa na sinema ya magari kileleni, ikiitwa Top Star. Watu walikwenda kutazama filamu juu ya dhahabu waliyodhani imekwisha. Baadaye kilima chenyewe kilichotwa kikapelekwa kuoshwa. Egoli ndilo jina linalovitazama vilima hivyo usoni.

Ila tusijidanganye. Uchimbaji mkubwa wa chini umeshahama katikati ya jiji. Mgodi wa Mponeng, ambao kina chake kinakaribia kilomita 4, uko mbali kiasi upande wa magharibi, karibu na Carletonville. Afrika Kusini ilitoa takriban tani 1,000 za dhahabu mwaka 1970. Siku hizi ni kama sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Unapoandika Egoli kwa habari ya leo, unaliita jiji kwa kazi ambalo kwa sehemu kubwa limeshaiacha.

*Mdomoni mwa nani.* Kwa msemaji wa Kizulu hili si jina la utani hata kidogo, ndilo jina. Mama wa kijijini KwaZulu-Natal akisema mwanawe yuko eGoli, hapambi maneno. Anasema kama sisi tunavyosema yuko Dar. Likitoka kwa mgeni, hupokelewa vizuri, ingawa lina uzito fulani wa hotuba. Kuna pia wanaolikumbuka kwa shari: ule mpango wa iGoli 2002 ulipingwa vikali na chama cha wafanyakazi wa manispaa, kikisema ni ubinafsishaji wa huduma. Kwa kizazi hicho, neno hilo lina harufu ya mabango ya maandamano.

*Kwenye Kiswahili.* E ya mwanzo imeshafanya kazi ya "kwenye", hivyo sema "yuko Egoli" na uishie hapo. "Kwenye Egoli" hupita, lakini "Egolini" inachekesha. Wenyewe huandika eGoli, herufi kubwa ikiwa ya pili. Katika Kiswahili Egoli inasomeka kwa utulivu zaidi.

*Mkanganyiko.* Kwenye maandishi hakuna. Redioni upo, tena mkubwa, hasa kwenye michezo. Jaribu kutangaza "timu mbili za Egoli zinakutana" wakati Kaizer Chiefs inacheza na Orlando Pirates, uone wasikilizaji wangapi watauliza goli limefungwa na nani.

*Linamfaa* anayeandika historia, makala ya migodi, shairi, au jambo lolote ambalo dhahabu ndiyo hoja yenyewe.

Joburg

*Dhahabu.* Hamna. Ni jina rasmi lililokatwa katikati. Hata jina hilo rasmi linabishaniwa ni la nani. Wanaotajwa sana ni Johann Rissik na Christiaan Johannes Joubert, maofisa waliohusika na mambo ya ardhi na uchimbaji wakati mji unapimwa. Ukitaka kulazimisha, unaweza kusema Joburg lina makaratasi ya mgodi bila kuwa na mgodi.

*Mdomoni mwa nani.* Kila mtu: mweupe, mweusi, Mhindi wa Fordsburg, Msomali wa Mayfair, karani wa benki. Lipo kwenye nembo ya jiji na kwenye ukumbi wa Joburg Theatre. Halikupandishi wala halikushushi. Kuna jambo moja la kuchekesha, hata hivyo. Kwenye barabara za vitongoji, abiria anayetaka daladala ya kwenda katikati ya jiji halitamki jina lolote: anasimama pembeni, anainua kidole cha shahada juu, na teksi inayokwenda huko inasimama. Jina linalotumika kuliko yote, na mahali linapohitajika zaidi linaachiwa kidole.

*Kwenye Kiswahili.* Midomo yetu hulifanya Jobagi, wala hakuna ubaya. Maandishini usilibadilishe, acha Joburg. Ile alama ya kukata ya Jo'burg imepitwa na wakati, na inasumbua kwenye simu na kwenye anwani za intaneti.

*Mkanganyiko.* Karibu sifuri. Hata asiyejua hulibahatisha, kwa sababu linafanana na jina refu.

*Linamfaa* mwandishi wa habari, mfanyabiashara, mtu wa safari, na yeyote ambaye hataki msomaji asimame njiani kuuliza. Kasoro yake ni hiyo hiyo: halina ladha. Makala ya kurasa tatu inayosema Joburg mwanzo mwisho inasomeka kama ratiba ya ndege.

Jozi

*Dhahabu.* Hakuna hata chembe, na nadhani ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Ni jina la watu waliozaliwa mjini na hawataki kuitwa kwa kazi ya babu zao.

*Mdomoni mwa nani.* Vijana, wanamuziki, watangazaji, wenye migahawa. Soweto kuna kituo cha redio kinachoitwa Jozi FM. Ni jina lenye mwendo, la mtu anayetembea huku anacheza. Matangazo ya biashara nayo yamelidaka, na mahali pengine limeanza kunukia fulana za watalii. Mwenyeji akilisema, anajitambulisha. Mgeni akilisema siku ya kwanza, anaonekana ana haraka ya kuwa mwenyeji. Akishakaa kidogo, hakuna anayeshtuka.

*Kwenye Kiswahili.* Kwa matamshi, hakuna jina linalotukaa mdomoni kama hili. Silabi mbili, kila moja inaishia na irabu, kana kwamba limezaliwa Tandika. "Niko Jozi", "nimetoka Jozi", "mtoto wa Jozi": yote yanateleza.

*Mkanganyiko.* Hapa ndipo shida ilipo, maana jozi tunayo tayari. Mfanyabiashara wa viatu akiandika "mzigo wa Jozi umefika, jozi elfu arobaini", mteja atasoma mara mbili. Herufi kubwa husaidia kwenye gazeti. Kwenye ujumbe wa simu, ambako nusu ya watu hawagusi herufi kubwa, haisaidii. Kwa nguo, muziki, chakula na picha, halina tatizo. Kwa viatu, soksi, hereni na betri, tafuta jingine, au fanya mchezo huo makusudi na uwe jina la duka.

*Linamfaa* anayeandika kuhusu jiji lilivyo leo: burudani, mitindo, maisha ya mitaa kama Hillbrow na Yeoville, mitandao ya kijamii. Halifai kwa ripoti ya maafa ya mgodini. Habari ya wachimbaji haramu, wale wanaoitwa zama zama, kukwama chini ya ardhi haiwezi kubeba jina la kurukaruka.

Joni

*Dhahabu.* Neno lenyewe haliitaji. Ni Johannesburg lililomenywa na watu wa mbali hadi likabaki kokwa. Lakini hakuna jina lililobeba jasho la dhahabu kuliko hili, na itabidi nikae hapa kidogo.

Migodi ya Rand, yaani ya ule mwamba wa Witwatersrand, ilihitaji watu kwa maelfu, na kwa mshahara mdogo. Chama cha wenye migodi kikawa na wakala wake wa kuajiri, Witwatersrand Native Labour Association, ambayo vinywani mwa watu ikawa Wenela. Ilichukua watu kusini mwa Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo), na huko kwetu Tanganyika pia, hasa Wanyakyusa wa Rungwe. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini mwa Ikweta, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa nimonia kupita kiasi. Miaka ya 1930 mlango ukafunguliwa tena. Tanganyika ilipopata uhuru, uandikishaji huo ukasitishwa. Malawi iliendelea hadi Aprili 1974, ndege ya Wenela ilipoanguka Francistown ikiwa imebeba wachimbaji, na Rais Banda akausimamisha. Stendi ya mabasi ya Blantyre inaitwa Wenela mpaka leo.

Kwa Msumbiji kulikuwa na utaratibu wa ajabu. Sehemu ya mshahara wa mchimbaji ilizuiwa mpaka arudi kwao. Afrika Kusini ikaipa serikali ya Ureno thamani ya fedha hizo kwa dhahabu, na mchimbaji mwenyewe akalipwa kwa fedha ya koloni. Yaani dhahabu aliyoipandisha kwa mgongo wake iliondoka na Mreno, yeye akabaki na noti.

*Mdomoni mwa nani.* Wasemaji wa Kitsonga wa pande zote mbili za mpaka, na Wamalawi. Kusini mwa Msumbiji walioenda huko huitwa madjonidjoni. Malawi, aliyekwenda akapotelea moja kwa moja huitwa machona. Joni ni jina linalosemwa na aliyebaki nyumbani, anayengoja. Mjini kwenyewe, Sandton kwa mfano, ukilitaja watu watajua umetoka wapi, au watadhani umetoka huko.

*Kwenye Kiswahili.* Linatamkika vizuri sana. "Alikwenda Joni akarudi na baiskeli" ni sentensi ambayo haihitaji msaada.

*Mkanganyiko.* Msomaji asiyeandaliwa atadhani Joni ni mtu. "Nimeongea na watu wa Joni" inaweza kuwa ukoo wa Yohana fulani. Lazima ulieleze mara ya kwanza, kisha uliache liende.

*Linamfaa* anayesimulia habari za uhamaji, familia zilizogawanyika, reli na mabasi ya usiku. Halimfai anayetangaza tamasha.

Mengine utakayokutana nayo

Gauteng ni jina la Kisotho na Kitswana lenye maana ile ile ya mahali pa dhahabu, na kwa wasemaji wa lugha hizo bado ni Johannesburg. Lakini tangu miaka ya 1990 ni jina rasmi la mkoa mzima, ambao ndani yake kuna Pretoria pia. Ukiandika Gauteng ukikusudia jiji, unampeleka msomaji kwenye ramani kubwa kuliko unayotaka. Tena G yake hutoka kooni, karibu na kh yetu. Watangazaji wetu wengi huisoma kama G ya gari. Liache kwa mambo ya mkoa.

Maboneng, mahali pa taa, ni zuri kwa sikio na limebeba mshangao wa mtu wa milimani anayeliona jiji usiku. Tatizo ni kwamba tangu mwaka 2009 hivi ni jina la mtaa mmoja uliofufuliwa mashariki mwa katikati ya jiji, wenye maghala yaliyogeuzwa nyumba na majumba ya sanaa. Anayetafuta hoteli atakuelewa hivyo.

"Jiji la Dhahabu" ni Kiswahili safi, na magazeti hulipenda kama jina la pili la kuepuka kurudia. Litumie baada ya kutaja Johannesburg, kamwe usianze nalo. Mtu wa Geita ana haki ya kudhani unamsema yeye.

Kwa hali yako

Habari ya kawaida: anza na Johannesburg, kisha Joburg hadi mwisho. Mhariri hatakugusa. Kama ni habari ya redio, hakuna hata haja ya kufikiri.

Makala ndefu ya uchimbaji au mazingira, kwa mfano vumbi la vile vilima vya marudio linavyoingia nyumbani mwa watu wa kusini mwa jiji, inastahili Egoli, angalau kwenye kichwa na mahali pawili pengine. Usilinyunyize kila aya, litachoka.

Unafungua ukurasa wa kuuza nguo au kusambaza muziki? Jozi, ilimradi bidhaa yako haihesabiwi mbilimbili. Na kama wateja wako wengi ni watu wazima wa mikoani, weka Joburg kwenye maelezo chini ya jina, maana baadhi yao hawajawahi kulisikia hilo jingine.

Mtafsiri wa hotuba au waraka wa halmashauri asichague kabisa. Afuate lililo kwenye waraka: penye iGoli aandike iGoli, penye Jozi aandike Jozi. Jina la mpango ni mali ya mpango.

Mwandishi wa hadithi ana raha kuliko wote, kwa sababu halazimiki kubaki na moja. Bibi wa Gaza kule Msumbiji aseme Joni, mjukuu wake aliyezaliwa Soweto aseme Jozi, bosi wake aseme Joburg, na mlinzi wa usiku kutoka KwaZulu-Natal aseme eGoli. Msomaji atajua nani anaongea kabla hujamtajia jina.

Ukienda kutembea, sema Joburg kwa wiki chache za mwanzo na usikilize watu wa pale ulipofikia wanasemaje. Nyumba moja hutofautiana na ya pili.

Na kama unachotuma ni mzigo, majina yote haya yaweke pembeni. Kwenye boksi la basi au lori andika JHB kwa kalamu nene, na jina kamili la jiji chini yake. Ukisafirisha kwa ndege, msimbo wa uwanja wa O.R. Tambo ni JNB, na karani hatapokea Egoli hata umwimbie.